Tumbo la Konokono

Mwaka 1984, katika chuo cha ualimu nilikokuwa nikifundisha biolojia, mwanachuo mmoja kutoka Bukoba aliniuliza swali ambalo nililijibu upesi mno. Nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni kwamba magamba ya wadudu, kaa na kamba yametengenezwa kwa kitu kiitwacho kitini, na kwamba mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kukivunja. Akasimama, akasema: "Samahani, Mwalimu. Sisi kwetu tunakula senene tangu utoto. Mbawa na miguu tunanyofoa, lakini ngozi yake tunaitafuna. Huwa inakwenda wapi?"

Darasa likacheka. Nikamwambia kwamba inaingia na inatoka, kisha nikamwamuru akae, kwani mtihani haukuwa na habari za senene. Akakaa. Muhula mzima uliobaki hakuuliza swali jingine.

Nimestaafu sasa, na miongoni mwa mambo niliyoyasoma katika miaka hii ya kukaa barazani ni habari za hicho kitini. Nilitaka kujua sentensi ile niliyoiandika ubaoni kwa uhakika namna ile ilitoka wapi.

Aliyetangulia ni Mfaransa Henri Braconnot, msimamizi wa bustani ya mimea mjini Nancy. Mwaka 1811 alichemsha uyoga akapata masalia yasiyotaka kuyeyuka. Mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Auguste Odier, alikuta kitu cha namna hiyo katika mbawa ngumu za mbawakawa, akakipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya vazi. Jina hilo linafaa, maana mdudu hana mifupa ndani, naye hubeba ugumu wake wote juu, kama askari wa kale aliyevaa deraya.

Basi kitini ni nini hasa? Chukua uzi wa shanga. Kila ushanga ni sukari, lakini sukari yenye naitrojeni ndani yake, na juu ya hapo imebandikwa kipande kidogo cha jamii ya asidi ya siki. Uzi mmoja una shanga mamia kwa maelfu, na nyuzi hizo hulala sambamba, zimeshikana kama ukili uliosukwa ukakazwa. Ndiyo maana maji hayawezi kupenya wala kuyeyusha.

Wa kwanza kuufikia ushanga wenyewe alikuwa kijana Mjerumani, Georg Ledderhose. Inasimuliwa kwamba mwaka 1876 alikula kamba-mti pamoja na mjomba wake, Friedrich Wöhler, mkemia yule mashuhuri aliyetengeneza urea maabarani mwaka 1828. Baada ya chakula mzee akamwambia asiyatupe maganda, ayapeleke maabara akaone yana nini. Kijana akayachemsha katika asidi hidrokloriki kali, na kilipopoa kikabaki chembechembe za fuwele. Ilikuwa sukari mpya, ambayo leo huitwa glukosamini. (Baadaye Ledderhose aliacha kemia akawa daktari wa upasuaji, na kuna ugonjwa wa nyayo unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Mjomba hakumpata wa kumrithi.)

Asidi ilifanya kazi, lakini ilifanya kama mwizi anayevunja ukuta ilhali mlango upo. Haikukata uzi peke yake. Ilibandua na kile kipande kilichoshikamana na kila ushanga. Sukari aliyoipata Ledderhose, kwa hiyo, haikuwa ile iliyomo ndani ya gamba. Ilikuwa ile ile iliyokwisha kuvuliwa nguo.

Ilichukua zaidi ya miaka hamsini kupata njia ya upole, nayo ilitoka tumboni mwa konokono. Zürich, mwaka 1929, kijana wa Kiswisi aitwaye Albert Hofmann alikuwa akitafuta shahada ya udaktari chini ya Profesa Paul Karrer, ambaye alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Walichukua maji ya tumbo la yule konokono mkubwa wa mashamba ya mizabibu wakayatia kwenye kitini. Konokono ni mlafi wa kila kinachoota, na tumbo lake limejaa vimeng'enya vya aina nyingi; vimeng'enya, kwa asiyekumbuka darasa, ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kwisha. Kitini kikavunjika pasipo moto wala asidi kali, na ushanga ukatoka mzima, pamoja na kipande chake. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kitini ni ndugu wa selulosi ya miti: muundo ule ule wa mnyororo, tofauti ikiwa katika hicho kilichobandikwa.

Hofmann mwenyewe alieleza kwamba kazi hiyo ilimchukua miezi mitatu tu. Ni watu wachache wanaomkumbuka kwa jambo hilo. Wanamkumbuka kwa dawa ya LSD, aliyoitengeneza mwaka 1938 na kugundua mwaka 1943 jinsi inavyoivuruga akili. Aliishi hadi mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 102. Mimi namweka katika kundi la watu wa konokono.

Wakati huo wengine walikuwa wameuliza lile swali la mwanachuo wangu kwa upande wa bahari: viumbe wadogo wasiohesabika huvua magamba yao baharini kila siku, mbona sakafu ya bahari haijajaa? Mwaka 1905 Wilhelm Benecke alipata katika bandari ya Kiel bakteria anayekula kitini, na mwaka 1938 Claude ZoBell na Sydney Rittenberg wa Marekani walionyesha kwamba bakteria wa namna hiyo wametapakaa baharini. Kazi yao imegawanywa vizuri. Kimeng'enya kimoja hukata uzi katikati ovyo. Kingine huanzia mwishoni na kuchomoa shanga mbili mbili. Cha tatu hutenganisha kila jozi. Kwa miaka mingi haikueleweka vinaanzaje kwenye ukili uliokazwa. Mwaka 2010 watafiti wa Ås, Norwei, walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachotumia oksijeni kukata nyuzi za juu na kuulegeza ukili, ndipo wenzake wapate pa kushika.

Faida yake iko wapi? Maganda ya kamba ni taka kubwa ya viwanda vya samaki, na kitini ni kati ya asilimia 15 na 40 ya uzito wake mkavu. Mengi ya yaliyobaki ni chokaa na protini, ambavyo lazima viondolewe kwanza. Glukosamini ya madukani bado hutengenezwa sana kwa njia ya Ledderhose, yaani asidi na moto, kwa sababu ni rahisi. Vimeng'enya ni ghali, na vinakwenda polepole. Lakini asidi haichagui. Ukitaka ushanga mzima, au kipande cha shanga saba au nane ambacho mpunga hukitambua kama dalili kwamba ukungu umevamia, ukaanza kujikinga, njia ya konokono ndiyo yenye matumaini. Kuhusu vidonge vya glukosamini vya magoti, mwanangu alinitumia kopo zima. Nilivimeza, kisha nikasoma kwamba uchunguzi wa Marekani wa wagonjwa 1,583, uliochapishwa mwaka 2006, haukuona kwa jumla vikizidi vidonge visivyo na dawa. Kopo la pili sikuliagiza, na magoti yananiuma kama kawaida.

Sasa nirudi Bukoba. Mwaka 2001 watafiti wa Amsterdam walieleza kimeng'enya cha kuvunja kitini kilichomo katika mwili wa mamalia, mtu akiwemo, nacho hustahimili ukali wa asidi ya tumbo. Mwaka 2007 Waitalia walipima maji ya tumbo ya watu 25. Wengi walikuwa nacho kikifanya kazi. Kwa mtu mmoja katika kila watano hakikuonekana au kilikuwa hafifu mno. Si kwamba ngozi yote ya senene huyeyuka tumboni. Lakini nilichokiandika ubaoni, kwamba mwili wa binadamu hauna, hakikuwa kweli, na mtu pekee darasani aliyekitilia shaka nilimkalisha chini.

Alimaliza mwaka 1985 akapangiwa shule mkoa mwingine, nasi hatukuonana tena. Daftari langu la maandalio ya masomo bado ninalo. Katika ukurasa wa wadudu nimeikata sentensi ile kwa wino mwekundu, na pembeni nimeandika: 2001, senene.