Chuo Kisichomalizika

Kuna sentensi mbili ambazo Mkenya anaweza kuzitamka kwa pumzi moja bila kuona shida yoyote. Ya kwanza ni "elimu haina mwisho". Ya pili ni "nilimaliza shule mwaka fulani". Ya kwanza tunaichora kwenye kuta za madarasa. Ya pili ndiyo tunayoishi nayo. Ukimaliza, umemaliza. Ukiacha katikati, kama mimi nilivyoacha chuo kikuu, kila shangazi utakayekutana naye harusini atakuuliza utarudi lini umalize. Hakuna anayeuliza ulikuwa unasoma nini, au kama hata sasa bado unasoma.

Hii ni historia fupi ya watu walioamua kuishika ile sentensi ya kwanza. Wengi wao walikuwa wazee, na walichoanzisha kinatuhusu sisi vijana zaidi ya tunavyodhani.

Tuanzie nyumbani. Kwa miaka mingi, mtu mzima aliyeingia darasani nchini Kenya alikuwa na jina lake: ngumbaru. Lilikuwa jina la mpango wa masomo, lakini mtaani liligeuka kejeli. Hadi leo mtu akishindwa kusoma kibao cha matatu utasikia akiambiwa aende ngumbaru.

Mpango wenyewe haukuwa mzaha. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa mwaka wa 1966, uhuru ukiwa bado mchanga. Mwishoni mwa 1978, Daniel arap Moi akiwa mgeni Ikulu, serikali ilitangaza kampeni ya kumaliza tatizo la kutojua kusoma na kuandika. Mwaka uliofuata, idara maalumu ya elimu ya watu wazima ikaundwa. Watu walijiandikisha kwa malaki, wengi wao wakiwa wanawake. Walisomea makanisani, chini ya miti, na katika madarasa ya shule za msingi watoto wakishaenda nyumbani, mtu mzima kajikunja kwenye dawati la mtoto wa miaka saba.

Sababu za serikali zilieleweka. Mkulima asome maandishi kwenye mfuko wa mbolea. Mama asome kadi ya kliniki. Mpiga kura atie sahihi badala ya kidole gumba. Taifa lijengwe. Siwezi kuzibeza, kwa maana kuna watu wengi ambao madarasa yale yaliwaokoa wasidanganywe kwenye mizani na kwenye hati za mashamba.

Lakini ukiziangalia vizuri, sababu zote zinasema kitu kimoja: mzee afundishwe kwa sababu ana faida fulani ambayo bado haijapatikana. Yeye ni pengo la kuzibwa. Ndiyo maana joto la kampeni lilipopoa, madarasa nayo yalipoa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2006 ulionyesha kuwa asilimia 38.5 ya watu wazima nchini, kama milioni 7.8, bado hawakuwa na uwezo wa kutosha wa kusoma na kuandika. Na kwa mzee wa miaka themanini, hesabu ya faida haikumsaidia hata kidogo. Taifa lingepata nini kwake?

Mzee mmoja alilijibu swali hilo kwa kupuuza kabisa jinsi lilivyoulizwa. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Mwai Kibaki kufuta karo za shule za msingi, Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alikuwa na miaka 84. Alivaa sare: kaptula, soksi ndefu, sweta. Wajukuu wake wawili walisoma shule hiyo hiyo. Alipoulizwa anatafuta nini, moja ya sababu alizotoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, kwa kuwa alishuku mhubiri hakuwa akiisoma ilivyoandikwa.

Tafakari sababu hiyo kidogo. Haina uhusiano na mbolea, wala kura, wala pato la taifa. Mzee ana shaka, na anataka kuhakikisha kwa macho yake. Hivyo ndivyo msomi yeyote anavyoanza.

Dunia ilimpenda Maruge. Mnamo 2005 alisafiri hadi New York kuzungumzia elimu ya msingi ya bure kwenye Umoja wa Mataifa, na baadaye filamu ikatengenezwa kuhusu maisha yake. Tulizisambaza picha zake kama ajabu tamu: cheki guka na kaptula! Ila swali gumu halikuulizwa sana. Kwa nini mzee mwenye kiu ya kusoma alilazimika kuketi na watoto wa miaka sita? Kwa nini hapakuwa na mahali palipotengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye?

Miaka 31 kabla ya Maruge kuvaa sare, profesa mmoja Ufaransa alikuwa amejaribu kupatengeneza mahali hapo. Pierre Vellas alifundisha sheria ya kimataifa mjini Toulouse. Vyuo vikuu vya Ufaransa vilikuwa vimetikiswa na maandamano ya wanafunzi ya Mei 1968, na sheria ya 1971 ilikuwa imevitaka vijishughulishe na elimu ya watu waliokwisha toka shuleni. Vellas alitazama wastaafu wa mji wake, watu wenye pensheni na siku ndefu zisizo na ratiba, na mwaka wa 1973 akawafungulia milango ya chuo. Aliuita mradi huo Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Kulikuwa na mihadhara, lugha, mazoezi ya mwili, ziara, na utafiti kuhusu uzee wenyewe. Kujiunga hakukuhitaji mtihani, na mwishoni hakukuwa na digrii.

Wazo lilisambaa upesi. Mwaka wa 1975 lilifika Warsaw kupitia Halina Szwarc, daktari ambaye akiwa msichana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa jasusi dhidi ya Wanazi na akahukumiwa kifo na Gestapo. Aliponea, akasomea udaktari, kisha akageukia masuala ya wazee. Sidhani ni bahati tu kwamba mtu aliyewahi kuhesabiwa siku zake ndiye aliyeshughulikia jinsi miaka ya ziada inavyoweza kutumika.

Wazo lilipovuka bahari hadi Uingereza, likazua mjadala. Mwaka wa 1981, watu watatu walikuwa wakilijadili huko Cambridge: Peter Laslett, Michael Young na Eric Midwinter. Laslett na Young wote walizaliwa 1915, kwa hiyo walikuwa wakijizungumzia wenyewe.

Laslett alikuwa mwanahistoria, na kazi yake ilikuwa imevunja hadithi moja tunayoipenda hata sisi: kwamba zamani kila mzee aliishi kwenye boma kubwa, amezungukwa na watoto na wajukuu. Yeye na wenzake walichambua rekodi za zamani za vijiji vya Uingereza wakakuta kwamba, kwa karne kadhaa, nyumba nyingi zilikuwa na wazazi na watoto wao tu, wastani wa watu wasiofika watano. Kilichokuwa kipya karne ya ishirini, alisema, ni idadi. Haijawahi kutokea kabla kwa watu wengi hivyo kustaafu wakiwa na afya na akili timamu, na miaka kumi au ishirini mbele yao. Aliyagawa maisha mara nne. Umri wa kwanza ni wa kutegemea na kufundishwa. Wa pili ni wa kazi na kulea. Wa nne ni wa kudhoofika. Kati yao akauweka umri wa tatu, wakati ambapo mtu hatimaye anajiamulia.

Young ndiye aliyelieneza neno meritokrasi, katika kitabu cha 1958. Leo wanasiasa hulitumia kama sifa, lakini yeye aliliandika kama kejeli na onyo. Alihofia jamii ambayo mitihani inawapanga watu kwa ukali hadi walio chini wanaamini kuwa wanastahili kuwa chini, na walio juu wanaamini hawana deni kwa mtu. Mwaka wa 2001, karibu na kifo chake, bado alikuwa akilalamika gazetini kwamba Tony Blair alilichukua neno hilo bila kuelewa utani. Yeyote aliyewahi kusubiri matokeo ya KCSE anajua Young alikuwa akiongelea nini.

Sasa mjadala wenyewe. Kule Toulouse, chuo kilitoa na wazee walipokea. Maprofesa walisimama mbele, wastaafu wakaketi. Watu wa Cambridge wakasema hapana. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imekaza mkanda, kwa hiyo hela hazingekuja hata wangeomba. Lakini pia kulikuwa na hoja ya msingi: kundi la wastaafu tayari lina wauguzi, mafundi, walimu, wapishi na wahasibu. Kwa nini waazime walimu? Kanuni ikawa kwamba anayefundisha pia asome, na anayesoma pia afundishe. Asubuhi unaongoza kundi la Kilatini, na jioni wewe ni mwanafunzi asiyejua kitu katika kundi la miamba. Mnakutana sebuleni kwa mwenzenu au kwenye ukumbi wa mtaa. Ada ni kidogo, hakuna anayelipwa, hakuna anayepewa maksi.

Kwa lugha yetu, walianzisha chama. Ni chama kabisa, chenye zamu na ratiba, isipokuwa kinachochangwa si pesa. Kila mtu anatia anachokijua kwenye kapu, na kila mtu anatoka na kitu ambacho hakuwa nacho.

Uingereza sasa ina vikundi zaidi ya 1,000 vya aina hii, na wanachama zaidi ya 400,000. China ilichukua njia nyingine. Mwaka wa 1983, chuo cha wazee kilifunguliwa mjini Jinan wakati maafisa wengi wa serikali walikuwa wakistaafishwa, na huko dola lenyewe ndilo lililoshika usukani. Kila nchi ilitumia chombo ilichokuwa nacho mkononi.

Tusiwapambe, lakini. Lawama ya kudumu dhidi ya vikundi vya Uingereza ni kwamba vimejaa watu wa tabaka la kati waliokuwa tayari wamesoma. Mtu ambaye shule ilimtoa akiwa na miaka kumi na mitano, kwa viboko na dharau, haji kirahisi kwenye kitu kinachoitwa chuo. Chama cha ujuzi kinahitaji wanachama wanaoamini kuwa wana ujuzi. Hilo ni jambo ambalo meritokrasi huwanyang'anya watu mapema sana.

Na hapa ndipo narudi Nairobi, kwa sababu chombo cha chama sisi tunacho kuliko mtu yeyote. Kina shosho wetu wamekuwa wakiendesha merry-go-round, kununua sufuria, kulipia wajukuu karo na kuzikana kwa heshima bila kusubiri profesa. Huko Korogocho, wanawake wazee waliochoka kuvamiwa na kubakwa waliunda mazoezi ya kujilinda yanayojulikana kama Shosho Jikinge. Wanapanga mistari, wanapiga mito, wanajifunza kupaza sauti na mahali pa kulenga adui. Shosho mmoja akishika somo, anamfundisha mwingine. Laslett angelitambua darasa hilo mara moja, ingawa mada ingemshtua.

Katiba ya 2010 inalijua jambo hili pia. Kifungu cha 57 kinataja haki za wazee: kushiriki kikamilifu katika jamii, kujiendeleza kibinafsi, kuishi kwa heshima, na kutunzwa na familia na Serikali. Kuhusu kutunzwa tunasikia mara kwa mara, hasa pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinapochelewa. Kuhusu kujiendeleza hatusikii kitu. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 au zaidi, na kwenye bajeti wanaonekana kama tumbo na ugonjwa tu.

Sisi vijana nasi hatuko mbali na kosa hilo. Tunapenda kusema wazee ni maktaba. Tunawaendea na simu kurekodi hadithi za Mau Mau kwa ajili ya podikasti, tunashukuru, tunaondoka. Ni nadra tumuulize shosho yeye mwenyewe angependa kujua nini. Pengine anataka kuelewa jinsi M-Pesa inavyojua salio lake. Pengine anataka kusoma Kifaransa, au kujua ndani ya jicho lililotolewa mtoto wa jicho mlikuwa na nini. Maktaba nayo inataka kusoma.

Maruge alifika Nairobi Juni 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimempokonya mali, akaishi kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, na hata huko aliendelea kwenda darasani. Nairobi alipelekwa kwenye makao ya wazee, na siku chache baadaye akajiandikisha darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi, jirani kabisa na Korogocho ya kina Shosho Jikinge. Alikufa kwa saratani ya tumbo tarehe 14 Agosti 2009, kabla ya kufanya mtihani wa darasa la nane.

Ukienda kwa hesabu ya shangazi zangu, Maruge hakumaliza. Lakini kati ya makao ya wazee na shule ya watoto, pale Kariobangi, kuna kumbi za mitaa, makanisa na misikiti ambayo siku nyingi za wiki huwa tupu kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Viti vipo. Walimu pia wapo, wameketi nje ya milango yao, na kila mmoja anajua kitu ambacho jirani yake hajui.