Joseph Plateau wa Brussels na siri ya viputo vya maji

Joseph Plateau, mwana wa mchoraji, alizaliwa mjini Brussels, Ubelgiji, tarehe 14 Oktoba mwaka 1801. Kuanzia mwaka 1835 alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Ghent, na ilipofika katikati ya miaka ya 1840 alikuwa amepofuka kabisa. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba alijidhuru kwa kulikodolea macho jua katika jaribio la mwaka 1829. Wataalamu wa baadaye wanaona kuwa chanzo kilikuwa ni maradhi ya macho.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya utafiti wake aliifanya akiwa gizani. Wasaidizi, miongoni mwao mwanawe na mkwewe, walitia mafuta katika mchanganyiko wa maji na alkoholi ulio na uzito sawa na mafuta hayo, kisha wakamsimulia walichokiona. Mafuta hayakuzama wala hayakupanda juu, bali yalijikusanya yakawa tufe. Plateau akathibitisha kuwa uso wa kimiminika hujivuta mithili ya ngozi iliyowambwa ngomani. Matokeo hayo aliyakusanya katika kitabu cha mwaka 1873. Alifariki dunia mwaka 1883.

Miaka 11 baadaye, Charles Parsons alishusha majini nchini Uingereza meli yake Turbinia. Injini ilikuwa na nguvu nyingi, lakini mwendo haukufikia matarajio. Tatizo lilikuwa kwenye rafadha. Maji yanapopita kwa kasi kubwa, mgandamizo wake hupungua. Ukishuka mno, maji huchemka pasipo moto na viputo vya mvuke huzuka. Hali hiyo huitwa kavitesheni. Parsons alilazimika kuweka rafadha 9 badala ya moja, na mwaka 1897 Turbinia ikapita kwa kishindo mbele ya wanamaji wa Malkia Victoria.

Lakini hatari kubwa zaidi ni pale viputo vinapotoweka. Mkondo huvipeleka penye mgandamizo mkubwa, navyo husinyaa ghafla na kuyapiga maji ya jirani kama nyundo, hata chuma kikatoboka. Mwaka 1917 Lord Rayleigh, ambaye awali alikuwa ameyaendeleza majaribio ya Plateau kuhusu namna mchirizi wa maji unavyokatika matone, alikokotoa nguvu ya pigo hilo. Mwaka 1949 Milton Plesset wa Marekani aliingiza katika hesabu hizo ule mvutano wa uso wa kimiminika aliouchunguza Plateau.

Hivi leo hesabu hizo huwasaidia wahandisi wa meli, wa pampu na wa mitambo ya umeme wa maji, kama ile ya Jinja nchini Uganda, kukinga vyuma vyao visiliwe na viputo. Kwa hiyo ujuzi uliotafutwa na mtu asiyeona unaendelea kulinda mashine ambazo hata wenye macho hawawezi kutazama ndani yake zinapozunguka.