Hesabu ya Perkin ilikaa sawa, kwinini haikutoka

Likizo ya Pasaka ya mwaka 1856 ilimkuta William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, katika maabara yake ndogo nyumbani kwao, mashariki mwa London, akihangaika kutengeneza kwinini. Wanakemia Pelletier na Caventou walikwisha kuichuja dawa hiyo kutoka magome ya msinkona, mjini Paris, mwaka 1820. Lakini magome yenyewe yalikuwa ghali, na mwalimu wake Perkin, August Wilhelm Hofmann, aliamini kwamba huenda ikapatikana kutokana na lami ya makaa ya mawe.

Perkin alianza na hesabu. Stoikiometria, yaani hesabu ya viasi vinavyoingia na kutoka katika mmenyuko, ilipewa jina hilo na Mjerumani Jeremias Richter mwaka 1792, na hadi leo inawatoa jasho wanafunzi wa sekondari. Chukua molekyuli mbili za alilitoluidini, kemikali itokanayo na lami hiyo, C₁₀H₁₃N. Ongeza atomu tatu za oksijeni, toa molekyuli moja ya maji. Inabaki C₂₀H₂₄N₂O₂, ambayo ndiyo fomula ya kwinini. Pima kwa gramu: 294 za alilitoluidini na 48 za oksijeni ni 342, upande wa pili, kwinini 324 na maji 18, nazo ni 342. Mwalimu yeyote angeweka vema.

Kilichotuama chupani kilikuwa mashapo ya rangi ya hudhurungi. Kwinini, gramu sifuri.

Kosa halikuwa la kujumlisha. Mwaka ule wanakemia walijua idadi ya atomu katika kwinini, ila hawakujua zimeshikanaje. Nadharia ya mwanakemia Kekulé kuhusu namna kaboni zinavyoungana ilichapishwa mwaka 1858. Perkin alikuwa na idadi ya matofali, ramani ya nyumba hana.

Akajaribu tena kwa anilini, kemikali ya lami iliyo sahili zaidi. Safari hii mashapo yakatoka meusi tii. Alipoyatia spiriti, ikajitokeza rangi ya zambarau iliyoshika kwenye hariri. Katika mashapo yale rangi yenyewe ilikuwa takriban asilimia 5 tu, na isingepatikana kabisa kama anilini yake ingekuwa safi, kwa sababu ilihitaji toluidini iliyochanganyika humo kama uchafu. Hata hivyo aliisajili Agosti mwaka huohuo, akajenga kiwanda, akatajirika. Zao dogo lilimlipa, kwa kuwa rangi ilikuwa ghali na lami ilikuwa taka za viwanda vya gesi.

Kwinini iliendelea kutoka mitini. Wajerumani waliipanda misinkona Amani, katika milima ya Usambara, na walipozingirwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia askari wao walinywa maji machungu ya magome yake.

Mwaka 1944, huko Marekani, wanakemia Woodward na Doering walitangaza kwamba njia ya maabara imepatikana. Ilikuwa ndefu mno, na urefu ndio unaoua zao: hata kama kila hatua ingetoa asilimia 80, baada ya hatua kumi ingebaki asilimia 11 hivi. Kwa hiyo viwanda havikuifuata. Kwinini inayouzwa leo bado inatoka kwenye magome, yakiwemo yanayolimwa Kivu, mashariki mwa Kongo.