Laini ya kusambaza umeme

Laini ya kusambaza umeme ni nyaya zinazotundikwa kwenye nguzo ili kuufikisha umeme kutoka kituo cha kupozea umeme hadi kwa watumiaji. Ni tofauti na laini ya kusafirisha umeme, ile ya minara mirefu ya chuma, ambayo hubeba msongo mkubwa zaidi, kwa mfano kilovolti 132 au 220.

Nchini Tanzania na Kenya laini za kusambaza huwa na msongo wa kilovolti 33 au 11. Karibu na nyumba, transfoma (huitwa pia mashine umba) huushusha. Tanzania hubaki volti 400 kati ya nyaya za moto, yaani volti 230 kati ya waya wa moto na nyutro. Msongo mkubwa hupunguza upotevu: kwa nguvu ileile, mkondo katika kilovolti 33 ni mdogo zaidi ya mara 80 kuliko katika volti 400, nao mkondo ndio unaopasha waya moto.

Nguzo nyingi ni za mkaratusi uliotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Siku hizi za zege pia hutumika. Nguzo ya mti huoza hasa usawa wa ardhi, kwa hiyo inaweza kuonekana nzima ilhali imekwisha chini.

Nyaya hushikwa na vikombe vya kauri au kioo, ambavyo huzuia umeme usipite kwenye nguzo. Mikunjo yake huacha sehemu kavu wakati wa mvua. Vumbi, au chumvi ya bahari huko pwani, ikigandamana juu yake na kupata unyevu, umeme huweza kuruka.

Waya wenyewe kwa kawaida ni wa alumini, mara nyingi wenye kiini cha feleji ya kuupa nguvu. Wengi hudhani umefunikwa. Kwa kweli nyaya za msongo wa kilovolti 11 na 33 mara nyingi ziko wazi, na kinga yake ni hewa tu. Ndege hutua salama kwa sababu hugusa waya mmoja. Mtu aliyesimama ardhini hana usalama huo, hata akigusa kwa tawi bichi.

Fyuzi za nguzoni hukata umeme mkondo unapozidi. Hata hivyo, waya ukianguka kwenye mchanga mkavu, mkondo unaweza kuwa mdogo mno kuikata fyuzi, na waya ukabaki na umeme. Aliye karibu aondoke kwa hatua fupi sana za kuburuta miguu, bila kuitanua.