Kutoka UPE mpaka MEMKWA: historia ya herufi E

Najua nimepotea hapa wiki tatu nzima, mnisamehe. UE zinakaribia, na boom nalo ndiyo kama mnavyolijua...

Basi bwana, juzi kwenye semina ya historia ya elimu tulifika kwenye UPE. Jamaa mmoja wa nyuma akaropoka: "Ualimu Pasipo Elimu!" Darasa zima kicheko. Na mimi nikacheka, tena mpaka machozi. Nilipokuwa narudi hosteli ndipo nikakumbuka: babu yangu ni mwalimu wa UPE.

Nikaona leo niandike kidogo kuhusu hizi herufi, maana sisi wa ualimu tunazikariri kwa ajili ya mtihani tu. Zote zimejengwa juu ya neno moja, elimu.

UPE ni kifupi cha Kiingereza, maana yake elimu ya msingi kwa wote. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma, ikaamua lengo hilo lifikiwe 1977 badala ya kungoja 1989. Sawa, madarasa wananchi watajenga, walimu je? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakasomea ualimu hukohuko vijijini kwa miaka mitatu. Saa kadhaa wanafundisha, saa nyingine wanasoma wenyewe kwa posta na redio, kisha wiki chache chuoni. Walipatikana zaidi ya 30,000! Bila wao kusingekuwa na UPE yoyote.

Halafu uchumi ukayumba, na katikati ya miaka ya 1980 michango ya shule ikarudi. Kufikia 2000, katika kila watoto 100 wa umri wa shule ya msingi, waliokuwa darasani hawakufika 60. Hapo ndipo vifupisho vya Kiswahili vikaanza kumiminika. MUKEJA ya watu wazima, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu na Jamii. MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002 baada ya ada kufutwa 2001. MMES ya sekondari ikafuata 2004, shule za kata zikaota kila mahali, na walimu wakapungua tena. Wakaja wa mafunzo ya muda mfupi, watu wakawaita "voda fasta". Yaani kila mpango na kejeli yake, na kejeli inamwangukia mwalimu, siyo aliyepanga.

Ila kinachonigusa zaidi ni MEMKWA, iliyoanza kwa majaribio 1999. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Soma hilo neno la mwisho taratibu. UPE ilisema "wote". Miaka 22 baada ya 1977 ilibidi tutafute jina la wale ambao hawakuwemo kwenye hao wote.

Jioni nikampigia babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nikamzungusha weee, mwisho nikauliza kama amewahi kusikia wakisema Ualimu Pasipo Elimu. Akacheka!

"Hiyo ya zamani sana. Wazazi ndio walikuwa wanatuita hivyo. Mchana wanakucheka, jioni mtu anabisha hodi na barua ya mwanawe, mwalimu nisomee."

Nikanyamaza. Sikumwambia kwamba juzi na mimi nilicheka. Na wala sikumkumbusha kwamba kusoma nilijifunza kwake, barazani, kabla sijaanza darasa la kwanza.

Sisemi mafunzo yale yalitosha, hata babu mwenyewe hasemi hivyo. Ninachosema, wadau, mwaka kesho kutwa tu tutapangiwa shule, na sisi tutapewa jina letu. Semina ijayo nitanyoosha mkono niyaseme haya. Jamaa wa nyuma ajiandae.

Na wewe, nani alikufundisha a e i o u? Kama bado yupo, mpigie simu leo. Haya, narudi kwenye madesa. Siku njema!