SB623

SB623 ni tiba ya seli shina iliyotengenezwa na kampuni ya SanBio ya Japani kwa watu waliobaki na udhaifu wa viungo kutokana na jeraha la zamani la ubongo. Jina lake la biashara ni Akuugo.

Utengenezaji

Seli huvunwa kwenye uboho wa mifupa wa wachangiaji wenye afya, hukuzwa maabara, kisha huingizwa kipande cha jeni ya Notch-1 kinachofanya kazi kwa muda mfupi tu. Kwa kuwa hazitoki kwa mgonjwa mwenyewe, dozi zaweza kugandishwa na kuwekwa akiba. Wengi hudhani seli hizi hugeuka kuwa neva mpya. Sivyo. Katika wanyama wa maabara nyingi hufa ndani ya wiki chache, na wataalamu wanaona kwamba faida yake hutokana na protini zinazotolewa kabla ya hapo, ambazo huchochea ubongo kujikarabati.

Majaribio

Jaribio muhimu zaidi ni STEMTRA, lililofanyika Marekani, Japani na Ukraine kwa watu walioumia kichwa angalau miezi 12 kabla. Daktari alitoboa tundu dogo kwenye fuvu, akapitisha sindano nyembamba hadi kandokando ya sehemu iliyoharibika na kuzimwaga seli kidogo kidogo. Wagonjwa wa kundi la ulinganisho nao walilazwa mezani na fuvu likachimbwa, ila halikutobolewa hadi ndani, ili wasijue kama wamepata seli au la. Ni ukali unaostahili sifa, maana katika fani hii matumaini peke yake humnyanyua mtu mkono. Baada ya wiki 24, wagonjwa 46 waliopewa seli waliongeza wastani wa alama 8.3 kwenye kipimo cha Fugl-Meyer cha uwezo wa viungo; 15 wa ulinganisho waliongeza 2.3. Maumivu ya kichwa yalikuwa ya kawaida.

Kiharusi

SB623 ilijaribiwa pia kwa watu waliopata kiharusi. Jaribio dogo la watu 18, lililoongozwa na Gary Steinberg wa Stanford na kuchapishwa mwaka 2016, lilivuma sana. Jaribio kubwa lililofuata halikufikia lengo lake.

Idhini

Julai 2024 Japani iliidhinisha Akuugo kwa masharti na kwa muda maalumu, lakini kampuni ilizuiwa kuisambaza hadi ithibitishe kwamba dozi za kiwandani zinalingana na zile za majaribio.