Tongoni ya Kasongo na nyumba tulizoziacha: kinachoungua kinaweza kujengwa tena?

KAMA, teritwari ya Pangi, Maniema. Familia inayokimbia vita hubeba watoto, sufuria, blanketi na makaratasi kama yapo. Nyumba haibebeki. Inabaki nyuma na mlango wake, na baada ya misimu miwili ya mvua bila mtu wa kuziba paa, kuta za potopoto zinaanza kuanguka. Ikiwa imechomwa moto, hata hiyo misimu miwili haipati.

Maniema inalijua jambo hili tangu zamani. Jimbo letu lina mji mzima uliopotea hivyo, na jina lake lenyewe linasimulia habari hiyo.

Mji ulioitwa mahame

Wazee wa Kasongo wanatofautisha Kasongo ya leo na mahali panapoitwa Tongoni. Katika Kiswahili, tongo ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa. Kasongo-Tongoni ndiyo Kasongo ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Kutoka huko, katika miaka ya 1870 na 1880, aliendesha biashara ya pembe za tembo na ya watumwa hadi pwani ya Zanzibar.

Habari za watumwa zisifichwe. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone akiwa Nyangwe, kando ya Lualaba, aliona watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki katikati ya soko na kuua mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza chakula. Utajiri uliojenga miji ile ulitoka katika jasho na damu ya watu wa hapa.

Lakini miji yenyewe ilijengwa na mikono ya watu wa hapa pia, na mtindo wake umebaki katika nyumba zetu. Nyumba ya pembe nne, vyumba vilivyopangwa nyuma ya mlango mmoja, na mbele yake baraza lenye kivuli ambapo mgeni anapokelewa kabla ya kuingia ndani: hayo yalikuja na watu wa pwani, yakashikwa na mafundi wa Maniema, yakaendelea kutengenezwa kwa miti, fito na udongo wa hapa. Anayejenga baraza leo mbele ya nyumba yake anafuata mtindo huo, hata kama hajawahi kufika Kasongo.

Vita kati ya Waarabu na Dola Huru la Kongo la mfalme Léopold II viliumaliza mji. Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi 1893. Tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, askari wa Dhanis waliingia Kasongo. Pamoja nao alikuwapo daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye alichapisha kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1897. Ndani yake alieleza chumba alichojichukulia: urefu wake karibu mita 24, upana karibu mita 4 na nusu, na mlango uliofunguka kwenye bustani ya michungwa.

Tufikiri kidogo juu ya hilo. Mji ulikuwa na maelfu ya watu, mafundi wa milango, wajenzi wa kuta, wapanda miti. Vipimo vya chumba hicho tunavyo kwa sababu mtu wa jeshi lililouteka mji alipenda kuviandika. Mafundi waliokijenga walivijua vipimo hivyo mikononi mwao, na walipokufa vikaenda nao.

Katika miaka ya karibuni, watafiti wakiongozwa na Noemie Arazi, pamoja na watafiti Wakongomani, walichimba Kasongo-Tongoni na kukusanya simulizi za wazee. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya kazi hiyo. Sasa vipande vya vyungu na shanga vinatafutwa ardhini ili kujua watu wa pale waliishi vipi. Ni kazi nzuri, lakini imekuja miaka zaidi ya 120 baada ya mji kuhamwa.

Sanamu zilihifadhiwa, nyumba hazikuhifadhiwa

Huku Pangi, katika inchi ya Walega, historia ina sura nyingine. Kijiji cha zamani kilijengwa kwa safu mbili za nyumba zilizotazamana, na uwanja katikati. Nyumba ya wanaume ilikuwa mahali pa kula pamoja, kuamua mashauri na kufundisha vijana. Katika uwanja huo na katika nyumba zilizotayarishwa kwa ajili yake, sherehe za bwami zilifanyika. Kwa hiyo mpangilio wa kijiji ulikuwa sehemu ya elimu yenyewe: kijana alijifunza nani anakaa wapi, na kwa nini.

Wabelgiji walipiga bwami marufuku mwaka 1948. Tena, walivuta vijiji vingi kutoka porini na kuvipanga kando ya barabara. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa mila aliyeishi kati ya Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika mengi juu ya bwami, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1973. Leo sanamu ndogo za pembe na vinyago vya bwami viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Vimewekwa ndani ya vioo, kila kimoja na namba yake na urefu wake kwa sentimita.

Nyumba ambamo vitu hivyo vilitumiwa hazikuwa na mnunuzi. Zilikuwa za miti na majani, na kazi yake ilikuwa kujengwa upya kila baada ya miaka. Mradi wazee walikuwa wakijenga na vijana wakishika fito, nyumba haikufa. Siku kijana alipokosa kushika fito, ilianza kufa.

Kasubi: moto wa 2010

Kuna mahali pengine katika Afrika yetu ya maziwa makuu ambapo nyumba ya miti na majani iliungua kabisa, kisha ikarudi. Mahali hapo ni Kasubi, kilima kimoja cha mji wa Kampala, Uganda.

Kabaka Mutesa I wa Buganda alijenga jumba lake Kasubi mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884, alizikwa humohumo, na baadaye makabaka watatu waliomfuata wakazikwa hapo: Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Nyumba kubwa inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ni ya duara, upana wake kwa nje ni mita 31, na paa lake la majani linashuka karibu kufika chini. Ndani ya paa kuna pete 52 za matete yaliyosokotwa, na kila pete ni ya ukoo mmoja wa Buganda. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye tangu zamani. UNESCO iliandika Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliila nyumba hiyo. Watu wa Buganda walilia kama waliofiwa. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Lakini mwaka mmoja tu kabla ya moto, mwaka 2009, Kasubi ilikuwa imepimwa kwa mashine za leza. Kazi hiyo ilifanywa na shirika la CyArk, lililoanzishwa na Ben Kacyra, mhandisi mzaliwa wa Mosul, Iraki. Kacyra alianza kupima majengo ya kale ya dunia baada ya sanamu kubwa za Bamiyan, Afghanistan, kubomolewa mwaka 2001. Mashine ya leza inatupa mwanga kwenye ukuta, mwanga unarudi, na mashine inahesabu umbali. Inafanya hivyo mara nyingi sana, mpaka nukta zake zote pamoja zinachora jengo zima ndani ya kompyuta, na kosa la milimita chache tu. Jengo lilipoungua, vipimo vyake havikuungua.

Hata hivyo, Kasubi iliendelea kujengwa kwa miaka mingi baadaye. Ilitolewa katika orodha ya hatari mwezi wa Septemba 2023, miaka 13 baada ya moto. Kama vipimo vilikuwepo, kwa nini muda wote huo?

Fedha na mabishano vilikuwa sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba leza inajua umbo la paa, lakini haijui namna ya kuliezeka. Haijui jani gani linakatwa mwezi gani, fundo gani linafungwa kwanza, wala nani ana haki ya kupanda juu. Mambo hayo yalikuwa kwa wazee wa Ngeye. Kwa hiyo kazi ya kujenga ilibidi iende pamoja na kuandika maarifa ya mafundi na kuwafundisha vijana. Bila vipimo, wajenzi wangebishana juu ya umbo. Bila wazee, vipimo vingekaa ndani ya kompyuta kama picha ya marehemu.

Na Kasubi haikukataa vitu vipya. Tangu matengenezo ya mwaka 1938, nguzo za saruji na vyuma vilikuwa vimeingia ndani yake, vikifunikwa na matete na nguo za magome. Baada ya moto, kwa msaada wa Japani, vifaa vya kuzima moto vimeongezwa. Mila ilijua mahali pa kukiweka chuma.

Vitu vipya peke yake si dawa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, wakati pembe za Maniema zilikuwa zikishuka pwani. Ilikuwa nyumba ya kisasa kuliko zote pale, yenye nguzo za chuma na taa za umeme. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ilianguka na kuua watu wawili.

Udongo na manjanja

Kwa mtu anayejenga leo Kama au Kindu, swali ni la mfuko kwanza. Manjanja yanadumu kuliko majani, lakini saa sita mchana nyumba inakuwa tanuri, na mvua ikipiga hakuna anayesikia mwenzake. Matofali ya kuchoma yanakula miti mingi. Ukuta wa potopoto ni baridi na hauna bei, lakini mvua inaula kutoka chini.

Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alikutana na maswali hayohayo. Alisomea usanifu Berlin, kisha akarudi kujenga shule ya msingi ya kijiji chake, iliyokamilika mwaka 2001. Alichukua udongo wa palepale, akauchanganya na saruji kidogo, wanakijiji wakaufinyanga kuwa matofali kwa mashine ya mkono bila kuyachoma. Paa lilikuwa la manjanja, lakini aliliinua juu ya dari ya matofali kwa vyuma vyembamba vilivyochomelewa, ili hewa ipite katikati na kuondoa joto. Akalirefusha nje ya kuta ili mvua isizifikie. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika usanifu.

Paa refu linalofunika ukuta wa udongo: hiyo ndiyo kazi ya baraza, ile iliyofika Maniema zamani.

Kinachoweza kufanywa sasa

Mashine ya leza ni ghali na haitafika kila kijiji. Lakini njia ya pili inatumia picha za simu. Mtu anazunguka nyumba polepole akipiga picha nyingi, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Kabla ya kuanza, anaweka ukutani fimbo ya mita moja, ili ukubwa ujulikane. Programu ya bure kama Meshroom, kwenye kompyuta yenye nguvu, inaunganisha picha hizo kuwa nyumba kamili inayoweza kugeuzwa na kupimwa. Kompyuta hiyo inaweza kuwa Kindu au Lubumbashi. Picha zitumwe zikiwa nzima, kwa sababu zikipunguzwa njiani zinapoteza alama ambazo programu inatafuta.

Hiyo ni kwa nyumba ambayo bado imesimama. Kwa nyumba iliyoachwa nyuma, kipimo kiko kwa watu. Mzee aliyejenga nyumba tano maishani mwake anajua ilikuwa hatua ngapi toka mlango hadi ukuta wa nyuma, mti gani haukuliwa na mchwa, kamba ilitoka porini wapi, na baraza lilitazama upande gani. Mama aliyesiriba ukuta kila mwaka anajua udongo gani hupasuka na gani hushika. Simu yenye kurekodi sauti inatosha kwa hayo, na daftari la mtoto wa shule linatosha kuchora mpangilio wa kijiji: nyumba ya nani ilikuwa wapi, kisima, kanisa au msikiti, makaburi.

Mchoro huo una faida nyingine siku ya kurudi. Mipaka ya viwanja inakuwa imemezwa na majani, na majirani wengine hawapo. Mchoro uliofanywa na wengi, wakikubaliana wakiwa bado pamoja hapa, unapunguza ugomvi wa kule.

Wazee wanaojua kazi hiyo wako katika familia zilizopokelewa hapa, wengine katika nyumba ya pili au ya tatu kutoka kwa msomaji. Wengi wao hawajaulizwa.